Kununua msumeno mzito wa chuma uliotumika kwa karakana ya nyumbani

Maswali ninayoletewa kuhusu misumeno ya zamani ya kukatia chuma ni yale yale. La kwanza: "Nimeona heksoo ya mashine, ya zamani lakini bei yake inavutia, ninunue?" La pili: "Mota yake ni ya fezi tatu na kwangu kuna fezi moja, nifanyeje?" La tatu huja pesa zikishatoka mfukoni: "Mbona inakata mshazari?" Nimeyapanga majibu hatua kwa hatua ili uyasome kabla hujaenda kuiona mashine. Ukishaipakia kwenye gari, nusu ya ushauri huu haitakufaa tena.

Shika jambo moja tangu sasa. Katika msumeno uliotumika, pesa yako inanunua njia ambazo fremu hutelezea, maungio yanayoibeba, na jiliwa linaloshika chuma. Mota ikiungua utatafuta nyingine yenye nguvu na mwendo ule ule, kazi iendelee. Swichi, mikanda, beringi na bledi vinabadilishika. Njia zikishalika, kuzinyoosha kunahitaji mashine kubwa na fundi aliyebobea, na gharama yake inaweza kuipita bei ya msumeno wenyewe. Kwa hiyo muda mwingi wa ukaguzi utautumia hapo, hata kama muuzaji anataka uitazame mota.

Misumeno tunayoizungumzia

Grenda na mashine ya jiwe la kukatia zina kazi zake, lakini ukianza kukata shafti nene au vipande vingi vya kipimo kimoja utachoka na cheche, kelele na vumbi, na kila kipande kitahitaji kusafishwa ncha. Misumeno mizito inayouzwa ikiwa imetumika ni ya aina tatu.

Heksoo ya mashine ina fremu inayokwenda na kurudi kama mkono wa mtu, yenye bledi moja iliyonyooka. Inakata taratibu, ni rahisi kuielewa, na iliyotunzwa hudumu miongo mingi. Msumeno wa mkanda, yaani bendisoo, una bledi ya kitanzi inayozunguka magurudumu mawili. Unakata haraka zaidi na unapoteza chuma kidogo kwa kila mkato. Wa tatu ni msumeno wa duara wa mwendo wa polepole, wenye diski nene ya meno na maji ya kupozea. Mkato wake ni safi mno, lakini diski yake ni ghali na hupoteza meno kwa kosa dogo la kubana. Kwa anayenunua mashine yake ya kwanza, ningemwambia aanze na mojawapo ya hizo mbili za mwanzo, na ndizo mwongozo huu unazozihusu.

Vya kuwa navyo kabla ya kwenda

- Tochi yenye mwanga mkali
- Guni la chuma lililonyooka, yaani kipimo cha pembe mraba, na futi kamba
- Kalipa, na saa ya kupimia (kipimo chenye mshale kinachoonyesha kusogea kudogo) yenye mguu wa sumaku kama unayo au unaweza kuazima
- Multimita
- Spana chache, bisibisi na kitambaa cha kufutia
- Miwani ya kukinga macho
- Kipande cha chuma laini cha duara, kipenyo cha milimita 50 hivi, chenye urefu wa kutosha mikato mitatu
- Bledi mpya ya urefu wa mashine hiyo

Hiyo bledi wengi huidharau, nami nasisitiza uwe nayo. Ukijaribu mashine kwa bledi butu ya muuzaji ikakata vibaya, yeye atailaumu bledi na wewe utailaumu mashine, na hakuna atakayejua ukweli. Ukiwa na bledi yako mpya, mashine ndiyo itakayojibu.

Hatua

1. Pima kazi yako kwanza. Andika unene wa chuma kikubwa utakachokata mara kwa mara, si kile cha mara moja kwa mwaka. Kumbuka kwamba uwezo wa mashine hupungua sana jiliwa likigeuzwa nyuzi 45, kwa hiyo msumeno unaomeza milimita 150 ukiwa wima hautameza hizo hizo ukiwa mshazari. Bendisoo ndogo zinazoonekana sana hukata takriban milimita 100 kwa 150 na hutumia bledi ya milimita 1638, upana wa 13. Zinazofuata, za milimita 180 kwa 300 hivi, nyingi hutumia bledi ya upana wa milimita 19, nayo hukata kwa kunyooka zaidi kwa sababu haijipindi kirahisi. Heksoo za mashine hutambulika kwa urefu wa bledi: 300, 350, 400 au 450 na kuendelea.

Pima pia karakana. Nondo ya mita 6 inahitaji pa kuingilia na pa kutokea, na fremu ya heksoo inahitaji nafasi yake mbele na nyuma. Pima upana wa mlango, maana wako walionunua ndipo wakagundua.

2. Uliza kabla ya kusafiri. Omba picha ya bamba la mota, jiliwa likiwa wazi, upande wa chini wa fremu, na sakafu mashine iliposimama. Uliza urefu wa bledi na kama inapatikana kwa urahisi. Uliza mashine ilikuwa inakata nini. Iliyokata chuma cha kutupwa mfululizo humeza vumbi jeusi linalosaga njia kama msasa, ilhali iliyokata shafti chache kwenye karakana ya matengenezo inaweza kuwa ya miaka 40 na bado imara.

3. Omba uikute mashine ikiwa baridi na imezimwa. Iliyopashwa joto kabla hujafika huficha mota inayoanza kwa shida na oili iliyoganda. Zunguka na tochi. Rangi mpya peke yake si kosa, ila rangi iliyopakwa juu ya grisi, nati na bamba la mota ni ya mtu aliyekuwa na haraka. Tafuta nyufa na alama za kuchomelea kwenye sehemu za chuma cha kutupwa: shingo ya fremu, miguu, na hasa sehemu ya nyuma ya taya la jiliwa. Chuma cha kutupwa kilichochomelewa kinaweza kushika vizuri au kukatika siku ya kwanza, na kwa macho hutaweza kuamua. Niliwahi kununua heksoo yenye ufa uliozibwa kwa putii na kupakwa rangi chini ya taya lisilotembea. Kipande cha tatu tu nilichobana kiliufungua. Tangu siku hiyo nakwaruza kidogo kwa ukucha kila mahali rangi inapoonekana nene.

4. Pima mchezo wa fremu, yaani kuyumba kwake kunakotokana na kulegea. Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Hakikisha plagi imetolewa.

Kwa heksoo ya mashine: zungusha puli kwa mkono hadi fremu ifike katikati ya mwendo wake. Ishike mbele, isukume kushoto na kulia bila kutumia nguvu nyingi, ukitazama mahali inapotelezea. Rudia ikiwa mwisho wa mbele, kisha mwisho wa nyuma. Kama mchezo ni sawa kote, huenda ni kabari ya kurekebishia iliyolegea, na hiyo utaikaza kwa spana. Kama katikati kuna mchezo na mwisho kumekaza, njia zimelika. Ukikaza kabari kwa ajili ya katikati, fremu itakwama ikifika mwisho, na ukiiachia ipite mwisho, itayumba katikati, ambako ukataji mwingi hutokea. Ukiwa na saa ya kupimia, iweke kwenye fremu na usome. Mimi nikiona zaidi ya nusu milimita ambayo kabari haiwezi kuiondoa, narudisha zana zangu mfukoni.

Ukiwa hapo hapo, zungusha puli polepole kupita kila ncha ya mwendo na usikilize. Mlio mdogo wa "tok" kila fremu inapogeuza ni bushi ya mkono wa kusukumia. Hiyo hubadilishika, lakini uitumie kwenye mazungumzo ya bei.

Kwa bendisoo: inua fremu nusu, uishike ncha na uisukume pembeni. Kinachocheza ni pini ya bawaba ya nyuma. Kisha angalia beringi zinazoongoza bledi pande zote mbili. Kila moja izunguke kwa kidole bila kukwaruza. Ni za bei ndogo, usizihofie sana. Zinazotisha ni magurudumu na gia. Pitisha kidole kwenye ukingo wa gurudumu: kama bledi imeuchimba mfereji, haitakaa mahali pake tena. Fungua kifuniko cha giaboksi na uchovye kipande cha waya safi ndani ya oili. Chembe zinazometa rangi ya dhahabu ni meno ya gurudumu la shaba nyeusi yakiisha. Zuia puli kwa mkono mmoja, tikisa gurudumu la bledi kwa mwingine. Likizunguka sana kabla ya kugusa gia, tafuta bei ya gurudumu hilo la gia kabla ya kusema neno lolote.

5. Kagua jiliwa. Fungua kabisa, futa, weka guni dhidi ya taya lisilotembea na meza. Mwanga usipite. Tazama kama taya linalotembea hunyanyuka unapokaza. Likinyanyuka, chuma hunyanyuka nalo, na mkato hautanyooka. Makovu ya bledi juu ya meza ni ya kawaida, ila mfereji mrefu unaonyesha kwamba swichi ya kuzima yenyewe mwishoni mwa mkato haifanyi kazi, au haifanyi kazi tangu zamani.

6. Soma umeme. Andika kila kitu kilicho kwenye bamba la mota. Kama ni fezi moja na waya ni mzima, kazi imeisha. Kama ni fezi tatu, tafuta volti. Mota iliyoandikwa 220/380 au 230/400 inaweza kuunganishwa kwa pembetatu (delta) ikatumia 230, na hapo kibadilisha mwendo cha mota, kile ambacho mafundi umeme wengi hukiita inverta, kitakupa fezi tatu kutoka kwenye fezi yako moja. Iliyoandikwa 400/690 inataka volti 400 hata kwenye pembetatu, kwa hiyo haifai kwa njia hiyo. Fungua pia kisanduku cha nyaya: nyaya sita maana yake unaweza kubadilisha muunganisho, tatu tu maana yake fundi wa mota atalazimika kuufungua ndani.

Angalizo: inverta inaunganishwa moja kwa moja na mota. Usiweke swichi katikati yao, maana kuikata ikiwa inafanya kazi kunaweza kuiunguza inverta. Washa na zima kwa vitufe vyake. Na usiiendeshe mota polepole mno kwa muda mrefu, kwa sababu feni yake nayo hupunguza mwendo na mota inapata joto.

Plagi ikiwa nje, pima kwa multimita kati ya kila waya wa mota na mwili wa mashine. Kipimo kisionyeshe njia yoyote ya umeme. Kisha pima waya wa ardhi kutoka kwenye plagi hadi kwenye mwili: huo uonyeshe njia wazi kabisa. Kwenye mashine za zamani mara nyingi ndio uliokatika.

7. Iwashe bila chuma. Vaa miwani. Iache dakika 10. Mota isivume kwa uzito, mkanda usiteleze, beringi zisilie. Kwenye heksoo, tazama fremu inaporudi: inatakiwa inyanyuke kidogo, si sana, lakini ionekane kwa jicho. Kunyanyuka huko ndiko kunakoyaokoa meno yasikokotwe kinyume. Kwenye bendisoo, inua fremu, fungua valvu ya silinda ya kuteremshia kidogo kidogo, uone kama inashuka kwa utulivu. Ikianguka ghafla, oili imevuja.

8. Kata chuma chako. Funga bledi yako mpya, meno yakielekea upande wa kukata. Heksoo nyingi za mashine hukata zikivuta, kinyume na ile ya mkononi, lakini baadhi hukata zikisukuma, kwa hiyo angalia ni mwendo upi fremu inanyanyuka, nawe uelekeze meno kwenye ule mwingine. Kata kipande kimoja cha kusafisha ncha, kisha cha pili chenye urefu wa milimita 20 hivi. Pima unene wake kwa kalipa mahali panne: juu, chini, kushoto, kulia. Kwa chuma cha milimita 50, tofauti ya milimita 0.3 ni nzuri kwa mashine iliyotumika. Milimita 1 inaweza kurekebishika. Ikipita 2 kwa bledi mpya, na huoni sababu ya wazi, ondoka kwa heshima.

Muuzaji akikataa usikate, au akisema hakuna umeme siku hiyo, ihesabie kuwa ni mbovu na uweke bei ya mashine mbovu. Vinginevyo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

9. Panga bei kwa orodha. Andika kila kinachohitaji kubadilishwa na gharama yake, pamoja na usafiri, inverta na bledi tatu za akiba. Jumla yake ndiyo bei halisi ya mashine. Mwonyeshe muuzaji orodha hiyo kwa utulivu, na wengi watakuelewa. Usipande bei kwa sababu ya vifaa vya ziada ambavyo hutavitumia, isipokuwa kizuizi cha urefu na stendi yenye rola. Hivyo viwili ukivikosa utavitengeneza mwenyewe kwa wiki nzima.

10. Isafirishe bila kuiua wala kukuua. Nyingi zina uzito wa kilo mia na zaidi, na uzito huo umekaa juu. Teremsha fremu kabisa, ifunge kwa kamba au mnyororo mdogo, toa bledi, mwaga maji ya kupozea. Inyanyue kwa kuishika kwenye kitako. Usiinyanyue kwa fremu hata kidogo, kwa sababu hapo ndipo unapopinda kile ulichotumia saa nzima kukikagua. Winchi ya injini inatosha kwa mashine nyingi za karakana ya nyumbani. Sakafuni, mabomba matatu ya chuma yaliyolazwa chini yake yataifanya iende kwa kusukumwa taratibu. Ikianza kuanguka, iachie na uruke pembeni. Mashine itatengenezeka, mguu wako huenda usitengenezeke.

11. Iandae kabla ya kazi. Maji ya zamani ya kupozea yananuka na yana bakteria, kwa hiyo vaa glavu unapoyatoa na usiyamwage ardhini. Osha tangi, safisha njia kwa mafuta ya taa na kitambaa, paka oili mpya, badilisha oili ya giaboksi. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo ukitaka kuiondoa tumia dawa ya kuondolea rangi au msasa wa maji, usiisage ikiwa kavu. Kama swichi ni ile ya kawaida ya kupandisha na kushusha, ningeibadilisha kwa swichi inayojiachia umeme ukikatika. Fikiria umeme umekatika katikati ya mkato, umeingiza mkono kutoa kipande, na umeme unarudi.

12. Chagua bledi kwa chuma, si kwa mazoea. Kanuni ni moja: meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya chuma muda wote. Bledi ya meno 14 kwa inchi ina nafasi ya karibu milimita 1.8 kati ya jino na jino, kwa hiyo inahitaji unene wa milimita 5.5 hivi. Bomba jembamba la milimita 2 litang'oa meno yake. Flatibaa ilaze ubapa, usiisimamishe. Engo iweke kama paa la nyumba, ncha juu. Kwa chuma kigumu na chuma cha pua punguza mwendo: kwenye bendisoo, mita 25 hadi 40 kwa dakika zinatosha, wakati chuma laini kinavumilia mara mbili yake kikiwa na maji ya kupozea.

Bledi mpya ya mkanda izoeshe. Mikato michache ya kwanza ifanye kwa nusu ya mgandamizo, ndipo uongeze. Meno mapya yana ncha kali sana zinazovunjika kirahisi, na ukizilainisha kwa upole zitadumu.

Makosa ninayoyaona sana

Kuvaa glavu msumeno ukiwa unazunguka. Glavu ni za kubadilishia bledi, mashine ikiwa haina umeme. Inapofanya kazi, hunaswa na kuvuta mkono.

Kubana kipande kifupi upande mmoja tu wa jiliwa. Taya hukaa mshazari na chuma huchomoka. Weka kipande cha unene ule ule upande wa pili.

Kusukuma fremu kwa mkono ili ikate haraka. Bledi hupinda ndani ya chuma na mkato huenda upande. Kama ni polepole mno, tatizo ni bledi au uzito uliowekwa.

Kuanzisha mkato kwenye kona kali kwa kuiachia fremu ianguke. Iteremshe kwa mkono mpaka iguse kwa upole.

Kufunga diski ya meno kwenye mashine ya jiwe. Mashine za jiwe la milimita 355 huzunguka kwa takriban mara 3,800 kwa dakika, na diski nyingi za meno za kukatia chuma bila maji zimetengenezwa kwa mara 1,300 hadi 1,500 tu. Nimelitaja hili, ingawa si la misumeno yetu, kwa sababu wengi hujaribu wakati wakisubiri mashine.

Mambo yakienda kombo

Inakata mshazari. Kabla ya kugusa nati yoyote, tazama kipande. Kama umbo limenyooka lakini limeegemea kushoto au kulia ukilitazama kutoka juu, jiliwa ndilo lililohama: liweke upya kwa guni dhidi ya bledi. Kama limenyooka lakini linaegemea ukilitazama kutoka mbele, viongozi vya bledi vimepinda, au fremu haisimami wima. Kama uso wa mkato una tumbo, yaani umeanza sawa kisha ukapinda, bledi ni butu upande mmoja, imelegea, au mgandamizo ni mkubwa. Anza na bledi. Mara nyingi sana inaishia hapo. Sogeza pia mkono wa kiongozi karibu na chuma kadiri unavyoweza.

Meno yanavunjika. Bledi ina meno makubwa kwa chuma chembamba, chuma kimecheza ndani ya jiliwa, au bledi mpya imeingizwa kwenye mfereji wa zamani. Usiendeleze mkato ulioachwa na bledi iliyokufa. Geuza chuma uanze upande mwingine.

Bledi ya mkanda inakatika. Ikikatika pale ilipounganishwa, kosa huwa la muunganisho. Ikikatika mahali pengine baada ya muda mfupi, imekazwa mno, au beringi ya mgongo imeganda na inaisaga.

Bledi ya mkanda inatoka kwenye gurudumu. Kaza kwanza, kisha rekebisha mwegemeo wa gurudumu lisiloendeshwa, robo zamu kwa robo zamu, ukizungusha kwa mkono. Kama haitulii, rudi kwenye ule ukingo uliopitisha kidole.

Heksoo haikati, inasugua tu. Meno yameelekea kinyume, au fremu hainyanyuki inaporudi na imeua bledi. Jaza oili kwenye silinda inayoinyanyua fremu na utoe hewa. Kama bado, mipira ya ndani imechoka.

Vipande vya chuma vinavyotoka ni unga mwembamba. Mgandamizo ni mdogo au bledi imekwisha. Vikiwa vinene na vimegeuka bluu, punguza mwendo na mgandamizo. Unavyovitaka ni vile vilivyojikunja vilegevu, vyenye joto la kushikika baada ya muda mfupi.

Mota inavuma haizunguki. Zima mara moja. Kwa fezi moja, kapasita ya kuanzia ndiyo ya kwanza kushukiwa, na ujue kwamba inaweza kukaa na umeme hata baada ya kuchomoa plagi, kwa hiyo itoe umeme wake kwa rezista kabla ya kuigusa. Kwa fezi tatu, fezi moja imepotea. Kama mota inazunguka vizuri mkanda ukiwa umetolewa, basi kilichokwama kiko mbele yake, na mara nyingi kwenye mashine iliyokaa muda mrefu ni grisi ya zamani iliyogeuka nta ndani ya njia za fremu: mimina mafuta ya taa, subiri usiku kucha, kisha uzungushe puli kwa mkono asubuhi kabla ya kurudisha plagi.